Mashindano ya Motakaa Yaliyokomea Bordeaux

Wasomaji wetu wengi wamepata kupanda motakaa, na hata wasioipanda wamekwisha kula vumbi lake. Habari tutakayoisimulia hapa ni ya vumbi hilo, na ya watu waliosimama kando ya barabara wakitazama.

Motakaa zilipoanza kushindanishwa huko Ufaransa, mbio hazikuwa jambo kubwa. Mwaka 1894 gazeti la Paris liitwalo Le Petit Journal liliita watu washindane mpaka Rouen, mwendo wa maili 78. Waliotoa tuzo walitafuta gari lisilokokotwa na farasi, lililo salama, jepesi kuongozwa, wala lisilommaliza mwenyewe fedha. Mwaka uliofuata watu walishindana kutoka Paris hata Bordeaux na kurudi, maili 732. Émile Levassor aliendesha karibu njia yote peke yake, muda wa saa 48 na dakika 48. Kwani alifika mapema mno mahali pa kupokewa, akamkuta mpokezi wake amelala. Mwendo wake ulikuwa kama maili 15 kwa saa, nasi leo twaweza kucheka, maana mpanda baiskeli hodari angempita. Tena tuzo ya kwanza hakupewa, kwa sababu gari lake lilikuwa la watu wawili, na kanuni zilitaka la watu wanne.

Miaka minane tu baadaye mambo yalikuwa yamegeuka kabisa. Kanuni iliamuru gari kubwa lisizidi kilo 1,000, basi mafundi wakatia injini kubwa ajabu, kisha wakapunguza uzito mahali pengine, hata kutoboa vyuma matundu. Nguvu ilizidi sana; breki na magurudumu havikuzidi kwa kadiri ile. Na barabara zilikuwa zile zile za kokoto na udongo, zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi.

Tarehe 24 Mei 1903, saa kumi kasorobo ya alfajiri, mashindano ya kwenda Madrid, mji mkuu wa Hispania, yalianza Versailles, karibu na Paris. Motakaa na pikipiki zaidi ya 200 ziliondoka moja moja kwa kufuatana. Njia yote ilikuwa maili zipatazo 812, na siku ya kwanza walitakiwa kufika Bordeaux. Watu walijipanga pande zote mbili za barabara, kijiji kwa kijiji. Wengi walikuwa hawajapata kuona motakaa ikienda mbio, wakasimama katikati ya njia mpaka dakika ya mwisho, ndipo wakajitenga kama maji mbele ya mashua. Jua lilikuwa kali na vumbi halikutulia. Dereva aliyetaka kumpita mwenziwe hakuwa na budi kuingia ndani ya wingu lile asione kitu.

Ndivyo alivyopatikana Marcel Renault. Yeye na nduguye Louis walikuwa wenye kiwanda cha motakaa zinazoitwa kwa jina lao. Karibu na Couhé-Vérac, akijaribu kumpita mwenziwe, gari lake liliacha njia na kupinduka. Akafa siku mbili baadaye. Mahali pengine askari mmoja alikimbilia barabarani ili amwokoe mtoto, naye akauawa. Waandishi wengi huhesabu waliokufa kuwa wanane, madereva, mafundi na watazamaji pamoja.

Jambo moja jema lastahili kukumbukwa. Bibi Camille du Gast alikuwa amekwisha wapita wengi alipomwona Phil Stead amelala chini, gari lake limepinduka. Akasimama, akamsaidia mpaka mgonjwa akapata msaada, ndipo akaendelea, wala hakujali nafasi aliyoipoteza.

Louis Renault alikuwa wa kwanza kuingia Bordeaux, naye hakujua bado habari za nduguye. Aliyeshinda kwa kuhesabu muda ni Fernand Gabriel, aliyekwenda maili 343 kwa saa tano na dakika 14. Lakini hapakuwa na shangwe. Serikali ya Ufaransa iliamuru mashindano yakome pale pale. Motakaa hazikuruhusiwa hata kuwashwa injini. Zilikokotwa na farasi mpaka stesheni, zikarudishwa kwa gari la moshi.

Walikuwapo waliowalaumu watazamaji kwa ujinga wao. Sisi twaona lawama hiyo si ya haki. Mwanakijiji alikuwa katika barabara yake mwenyewe, apitamo kila siku na ng'ombe wake, wala hakuna aliyemfundisha jinsi kitu kiendacho maili 65 kwa saa kinavyofika upesi. Waliojua mwendo huo ni waliotengeneza magari, na serikali iliyowapa ruhusa.

Tangu hapo mashindano makubwa ya Ufaransa yalifanywa katika barabara za kuzunguka, zilizofungwa kwa siku hizo. Mwaka 1906, huko Le Mans, njia ilimwagwa lami ili kuzuia vumbi, nyua za mbao zikajengwa mbele ya watu, na penye mji wa Saint-Calais ikatandazwa njia ya mbao ili magari yasipite katikati ya nyumba. Mshindi alikuwa Ferenc Szisz, fundi aliyepata kuketi ubavuni mwa Louis Renault, akiendesha motakaa ya kiwanda kile kile. Louis mwenyewe hakushindana tena.