SEHEMU YA 5: Jasusi aliyenyamaza miaka mitatu

Mlioniuliza inbox kwa nini nimepotea, mnisamehe, wiki nzima nilikuwa zamu ya usiku. Tunaendelea na watu maarufu wa zamani na maradhi yao. Leo twende Karachi.

Kuna mwandishi wa Kiurdu aliyejiita Ibn-e-Safi. Jina lake halisi ni Asrar Ahmad, alizaliwa 1928 kijiji cha Nara, upande wa Allahabad, India. Asrar maana yake siri, ni neno lilelile letu limetoka Uarabuni. Na kweli akaishi kwa kuandika siri. Mwaka 1952 alianza mfululizo wa Jasoosi Dunya (Mswahili hapo hahitaji mkalimani), na mwaka huohuo akahamia Pakistan. Mwaka 1955 akaanzisha mfululizo wa pili, wa jasusi Ali Imran. Huo ulifika vitabu 120.

Imran nimemsoma kwa tafsiri ya Kiingereza, kile kitabu cha kwanza cha jumba la kutisha. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Kijana amesoma Uingereza, baba yake ni mkubwa wa upelelezi, lakini yeye anavaa hovyo, anaongea upuuzi, kila mtu anamwona zezeta. Kumbe vitabu vinavyofuata vinaonyesha yeye ndiye X-2, mkuu wa idara ya siri. Anawapa vijana wake amri kwa simu, sauti kaibadilisha, na wao hawajui kuwa bosi ni huyuhuyu wanayemcheka. Waliokulia kwenye Willy Gamba wa Musiba wataona tofauti. Gamba ukimwona tu unajua huyu ni mtu wa kazi.

Vitabu vilikuwa vyembamba, vya bei ya chini, na vilitoka karibu kila mwezi. Karachi alichapisha mwenyewe, Allahabad alichapisha rafiki yake Abbas Husaini. India na Pakistan hazipatani, lakini pande zote mbili watu walimsubiri Imran huyohuyo.

Halafu 1960 kalamu ikasimama.

Wasifu wake unasema ilikuwa skizofrenia. Alilazwa wodi ya magonjwa ya akili hukohuko Karachi. Miaka mitatu hakuna kitabu kipya. Wajanja wakaingia sokoni na majina yanayofanana na lake, ili msomaji mwenye haraka adhani kapata chenyewe. Familia husema aliyemtibu hadi akapona ni tabibu wa dawa za jadi, Hakim Iqbal Hussain. Mimi kama nesi hapa nawaomba jambo moja: msisome hili halafu mkamwachisha ndugu yenu vidonge. Hatuna faili lake mkononi.

Novemba 1963 akarudi na Dedh Matwale, kitabu cha Imran. Kule India aliyekizindua ni Lal Bahadur Shastri, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Waziri Mkuu. Ndani ya wiki moja ikabidi kichapwe tena. Jamani, mtu katoka kuugua akili, na watu wanagombania kazi yake!

Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Nimeshika mikono ya wagonjwa wengi siku ya kuruhusiwa. Wa mguu uliovunjika anaomba cheti chake kazini, anaondoka. Wa akili ananivuta pembeni: "Sista, naomba uniandikie malaria." Siwezi kuandika uongo, na yeye anajua siwezi, ila anaomba hivyohivyo. Mmoja aliniambia ni heri wamdhanie alikuwa jela, maana jela mtu hutoka. Sikuwa na jibu, nilimfungia dawa zake vizuri tu nikamsindikiza getini.

Baada ya 1963 Ibn-e-Safi aliandika miaka mingine 16 na zaidi. Vingi katika vile 120 vya Imran ni vya baada ya wodi, siyo kabla. Kilichomwondoa ni saratani ya kongosho, tarehe 26 Julai 1980, ana miaka 52. Na wanaofanya kazi wodini mnaijua saratani hiyo, ikishajionyesha muda huwa umekwisha. Aliendelea kuandika akiwa anaumwa, na Imran wa mwisho akabaki hajamaliziwa.

Sehemu ya 6 Jumapili panapo majaliwa, nikiwa mapumziko. Anayejua duka la vitabu vya zamani Kariakoo lenye Musiba, aniandikie hapo chini.