Jack Hayes: Sajini Aliyewasemea Askari

Neno "msemaji" latokana na kitenzi kusema, lakini uzito wake umo katika kusemea, yaani kunena kwa niaba ya wengine. Aghalabu gharama ya maneno hayo hulipwa na wale wanaosemewa. Maisha ya Jack Hayes wa Uingereza yaonyesha jambo hilo waziwazi.

Hayes alijiunga na Jeshi la Polisi la London mwaka 1909, akapanda cheo hadi kuwa sajini. Siku zile mshahara wa askari ulikuwa mdogo, na chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1913, kiliendeshwa kwa siri, kwani aliyegunduliwa kuwa mwanachama aliweza kufukuzwa. Vita Kuu vya Kwanza vilipopandisha bei za vyakula, subira ilikwisha. Tarehe 30 Agosti 1918 askari wapatao 12,000 waligoma. Walidai mshahara wa kutosha, kutambuliwa kwa chama, na kurudishwa kazini kwa konstebo Tommy Thiel, aliyefukuzwa kwa ajili ya shughuli za chama. Kesho yake Waziri Mkuu Lloyd George alikutana na viongozi wao. Thiel alirudishwa, mshahara ukaongezwa, na wajane wa askari wakaahidiwa pensheni. Ama kuhusu chama, waliambiwa kwamba hakiwezi kutambuliwa wakati wa vita. Wengi walifahamu kwamba kitatambuliwa vita vikiisha.

Mwaka 1919 Hayes alikuwa katibu mkuu wa chama na msemaji wake. Lakini serikali nayo ilikuwa imejifunza. Kamati ya Lord Desborough ilipendekeza konstebo mpya alipwe shilingi 70 kwa juma. Wakati huohuo ulipelekwa bungeni muswada wa kuwakataza polisi kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kuwaundia badala yake Shirikisho la Polisi lisilo na uhuru wa kugoma. Mwisho wa Julai chama kiliitisha mgomo wa kuupinga. Safari hii walioitikia walikuwa wachache, maana aliyekwisha kuandaliwa chakula si mwepesi wa kuinuka. Katika London waligoma zaidi kidogo ya 1,000. Liverpool, ambako manung'uniko yalikuwa makubwa, waligoma karibu nusu ya askari wote. Maduka yakaporwa, wanajeshi wakaletwa, na manowari ikapelekwa katika mto Mersey. Waliogoma nchini kote, zaidi ya 2,000, walifukuzwa na kupoteza haki ya pensheni.

Wahenga husema mchumia juani hulia kivulini. Askari hawa walichuma juani, na kivulini wakala wengine: mshahara mpya uliwafaa wale waliobaki kazini.

Hayes hakuwatupa. Mwaka 1923 alichaguliwa kuwa mbunge wa Edge Hill, akawa mbunge wa kwanza wa Chama cha Labour katika Liverpool, na humo bungeni akaendelea kuwatetea waliofukuzwa. Hata Labour waliposhika serikali mwaka 1924, na suala hilo likachunguzwa na kamati, askari wale hawakurudishwa. Yeye mwenyewe alishika wadhifa serikalini kuanzia mwaka 1929, akapoteza kiti chake mwaka 1931, akafariki mwaka 1941.

Haitakuwa haki kumwita msaliti, wala haitoshi kumwita shujaa. Yeye mlango mmoja ulipofungwa alifunguliwa mwingine; waliomfuata walibaki nje. Msemaji mwema hulikumbuka hilo kabla ya kufungua kinywa.