Msamaha wa Nani? Mwadingusha na Historia ya Nafuu za Kodi

Katika msamiati wa hesabu za serikali kuna maneno mawili ambayo mwanaisimu hawezi kuyapita bila kusimama. La kwanza ni ruzuku, lenye asili ya Kiarabu, ambalo kwa matumizi ya kale ni kazi ya Mungu: Yeye ndiye huruzuku viumbe. La pili ni msamaha wa kodi. Asiye na deni hasamehewi, wala asiye mwenye mali hawezi kusamehe. Basi serikali inaposamehe kodi, yafaa kuuliza: mali iliyosamehewa ni ya nani, na mwenyewe ameambiwa?

Historia ya Mwadingusha inalipa swali hili uzito. Maporomoko ya mto Lufira, upande wa mashariki wa Likasi, yalipewa jina la Cornet, mwanajiolojia wa msafara wa Bia na Francqui wa miaka ya 1891-1893. Kituo cha umeme kilichoanza kazi hapo mwaka 1930 kikaitwa Francqui, na kile cha Koni, mbele kidogo mtoni, kikaja kuitwa Bia. Msafara mzima ukahamia katika mitambo! Francqui mwenyewe alikuwa kati ya wakuu wa Société Générale ya Ubelgiji, iliyoshiriki kuunda Union Minière mwaka 1906. Kiwanda cha Shituru, kilichofunguliwa mwaka 1929, kilihitaji umeme mwingi ili kusafisha shaba. Ndipo Lufira ikafungwa na ziwa Tshangalele likaenea.

Ni nani aliyetoa haki hizo? Ni Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900: theluthi mbili za serikali, theluthi moja ya Compagnie du Katanga. Kamati hiyo iligawa ardhi na madini, na papo hapo ikawa na hisa katika Union Minière. Mtoaji na mpokeaji walikaa meza moja. Tena, Bourse du Travail du Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilikusanya wafanyakazi vijijini kwa msaada wa maofisa wa utawala. Kwa maoni yangu hiyo nayo ilikuwa ruzuku, na walioilipia ni vijiji.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilitaifishwa, na Gécamines ikatokea humo. SNEL, iliyoundwa mwaka 1970, ikarithi vituo, na mitambo ikachakaa. Sheria ya madini ya 2002, iliyotungwa ili kuwavuta wawekezaji baada ya vita, iliweka mrabaha wa shaba kuwa asilimia 2, ikaahidi kutobadili masharti kwa miaka 10. Marekebisho ya 2018 yalipandisha mrabaha hadi asilimia 3.5 na kupunguza ahadi hiyo hadi miaka 5.

Katika mazingira hayo, mwaka 2014, ulitiwa sahihi mkataba wa mkopo: Ivanhoe Mines ya Kanada na mgodi wa Kamoa wagharimie ukarabati wa Mwadingusha, nayo SNEL irejeshe deni kwa kupunguza takriban asilimia 40 katika ankara za umeme za mgodi. Mwaka 2021 mitambo sita mipya ilianza kutoa megawati 78. Tuseme haki: punguzo hilo si zawadi, ni malipo ya deni. Lakini punguzo la deni na punguzo la upendeleo huonekana sawa katika ankara. Asiyeona mkataba hawezi kuyatofautisha. Na serikali, yenye asilimia 20 ya mgodi huo na SNEL yote, imekaa tena pande mbili za meza.

Amri ya Mei 2011 inataka mikataba ya maliasili itangazwe katika siku 60 tangu kuanza kutumika. Hatua hiyo ni kubwa kuliko lolote la zama za Comité. Hata hivyo, mikataba huandikwa kwa Kifaransa, na taarifa za kampuni kwa Kiingereza, kwa ajili ya wenye hisa wa Toronto. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa mujibu wa Katiba ya 2006, lakini mvuvi wa Tshangalele hana ukurasa wa kusoma.

Wanafunzi wangu walijaribu kutafsiri kifungu cha 276 cha sheria ya madini, kile cha ahadi kwa wawekezaji. Tuliafikiana juu ya “dhamana ya kutobadili masharti”, hadi lipatikane neno bora.