Gongo na Mkono Unaolipima: Kanuni za Vifaa Tiba na Wataalamu wa Fiziotherapia wa Binafsi Lubumbashi

Mgonjwa aliyevunjika mfupa wa paja hakabidhiwi magongo mlangoni na kuachwa aende zake. Mtaalamu wa fiziotherapia humsimamisha, hushusha au hupandisha mshikio mpaka ulingane na kifundo cha mkono, huangalia kiwiko kimekunjika kiasi gani, hugeuza vimpira vya chini kuona kama havijalika, kisha humtembeza hatua chache, na ikiwezekana ngazi mbili tatu. Gongo lililozidi urefu huumiza kwapa na neva zake. Lililopungua humpindisha mgonjwa mgongo. Kwa hiyo kukabidhi gongo ni sehemu ya tiba yenyewe. Lakini kanuni za ugavi wa vifaa tiba nchini Kongo zinamjua mwagizaji, msambazaji na mwenye duka la dawa. Mtaalamu anayempa mgonjwa wake kifaa alichompimia hana nafasi yake ndani ya mpangilio huo. Hoja ya makala haya ni kwamba kumhesabu mtaalamu huyo kama mfanyabiashara ni kosa la kisheria, na pia hakumlindi mgonjwa.

Mfumo wenyewe una sababu zake. Sheria namba 18/035 ya 13 Desemba 2018 iliweka misingi ya afya ya umma, na mwaka 2020 ikaundwa ACOREP, mamlaka ya taifa ya kusimamia dawa na bidhaa nyingine za afya, yenye makao yake Kinshasa. Mzigo unaoingia kutoka nje hukutana pia na ukaguzi wa OCC, ofisi ya taifa ya udhibiti wa bidhaa, na wa DGDA, mamlaka ya forodha. Kwa kampuni inayoleta kontena zima, gharama za hatua hizi hugawanyika katika maelfu ya vifaa. Kwa mwenye kliniki ya vyumba viwili katika mtaa wa Kenya au Kamalondo hapa Lubumbashi, anayehitaji jozi kumi za magongo na mikanda michache ya kiuno, hazigawanyiki popote. Safari za ofisini na siku za kusubiri hazipungui kwa kuwa mzigo ni mdogo, na kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500 za anga. Mpaka wa Kasumbalesa, kwa upande mwingine, uko umbali wa takriban kilomita 90, na bidhaa za Zambia, Afrika Kusini na bandari ya Dar es Salaam hupitia huko kila siku. Njia rahisi anazobaki nazo ni mbili: kumwandikia mgonjwa karatasi akatafute sokoni peke yake, au kununua kitu kisicho na stakabadhi. Katika ile ya kwanza kifaa huchaguliwa na asiyejua kupima. Katika ya pili, kikivunjika, hakuna anayejua kilitoka wapi. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya usalama inaishia kuutoa usalama mikononi mwa mtu pekee aliyeusomea.

Wapo wanasheria watakaojibu kwamba anayenunua ili auze ni mfanyabiashara, basi afuate masharti ya biashara. Ni kweli kwamba Sheria ya Pamoja kuhusu biashara ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika ya kuoanisha sheria za biashara, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010 na inayotumika Kongo tangu nchi ilipojiunga na OHADA mwaka 2012, inahesabu ununuzi wa bidhaa kwa ajili ya kuziuza tena kuwa tendo la kibiashara. Lakini mapokeo ya sheria tuliyoyarithi yana kanuni nyingine ya zamani, kwamba tendo dogo hufuata hali ya tendo kubwa linalolitegemea. Daktari wa meno anayemwekea mgonjwa meno ya bandia hageuki kuwa muuza meno. Sioni sababu ya mtaalamu wa fiziotherapia anayefunga gango la kifundo kwenye mguu anaoutibu kuhukumiwa kwa kipimo kingine.

Marekani ilipitia mjadala huu. Baada ya wauzaji wengi kuidanganya bima ya Medicare kwa kudai malipo ya vifaa ambavyo havikumfikia mgonjwa yeyote, kanuni ya mwaka 2009 iliwataka wauzaji waweke dhamana ya dola 50,000. Kanuni hiyohiyo iliwaachilia wataalamu wa fiziotherapia wanaomiliki kliniki zao peke yao, kwa sharti kwamba wanatoa viungo bandia, mikanda, magango na vitu vya namna hiyo kwa wagonjwa wao tu, ndani ya huduma yao. Hata nchi iliyoumizwa na udanganyifu iliona tofauti ya duka na chumba cha tiba.

Pingamizi zito zaidi ni la maslahi: anayeagiza kifaa akiwa ndiye anayekiuza, atashawishika kuagiza kisichohitajika. Hatari hiyo ipo, tena Lubumbashi ina kishawishi cha pekee, kwa kuwa Sheria ya Kazi inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya wafanyakazi, na ankara ya mchimbaji aliyeumia mara nyingi hulipwa na kampuni isiyomwona mgonjwa. Lakini dawa ya tamaa ni uwazi. Bei ya kifaa iandikwe kando na ada ya tiba, mgonjwa aambiwe kwa maandishi kwamba ana ruhusa kununua kwingine, na daftari la vifaa lioneshe asili, tarehe na jina la aliyepewa. Daftari hilo linaweza kukaguliwa na idara ya afya ya jimbo bila mtu kupanda ndege. Muuza jumla anayejificha nyuma ya jina la kliniki ataumbuliwa na daftari hilohilo, maana vifaa vitazidi wagonjwa.

Wala sidai msamaha kwa kila kitu. Mashine za ultrasaundi na za kuchochea neva kwa umeme zinaweza kuunguza ngozi au kumdhuru mwenye kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo, na umeme wa Lubumbashi unapanda na kushuka. Hizo zibaki chini ya usajili kamili wa ACOREP, hata zikiwa za msaada zilizokwisha kutumika Ulaya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2017, limeshauri udhibiti uende kwa daraja za hatari. Gongo na mashine ya umeme haziko daraja moja.

Ripoti ya Shirika hilo na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi wanaovipata, ilhali katika baadhi ya nchi tajiri ni 90. Mwaka huohuo, tarehe 3 Mei, Kongo ilitunga sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Wizara ya Afya haihitaji sheria nyingine ili kuitekeleza katika jambo hili: amri moja ya waziri, inayotaja vifaa vya hatari ndogo na kumruhusu mtaalamu aliyesajiliwa kumpatia mgonjwa wake kwa masharti ya daftari, inatosha. Wataalamu wa Haut-Katanga, jimbo la Lubumbashi, wasingoje iandikwe Kinshasa bila wao. Waandae rasimu yake wenyewe na kuipeleka.