Nyumba ya fito na udongo alimokulia Shakespeare

Wengi wetu Afrika Mashariki tulikutana na William Shakespeare kupitia kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyetafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Shakespeare alizaliwa mwaka 1564 mjini Stratford-upon-Avon, Uingereza. Nyumba alimokulia, kwenye Barabara ya Henley, bado imesimama, na leo ni makumbusho.

Anayetarajia kasri atashangaa. Nyumba ina kiunzi cha mbao za mwaloni. Nafasi kati ya mbao zilizibwa kwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo, kisha zikapakwa chokaa. Msikilizaji aliyewahi kukandika nyumba yake ataelewa kuta hizo upesi kuliko mtu wa mjini. Siri ya uimara wake ni ule mwaloni, mti mgumu sana, pamoja na paa linalozuia mvua isifike kwenye udongo.

Baba mwenye nyumba, John Shakespeare, alikuwa fundi wa glavu za ngozi, na karakana yake ilikuwa humo humo walimolala watoto. Jina lake linaonekana kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za mtaa huo mwaka 1552, na si kwa sifa: alipigwa faini ya shilingi moja kwa kurundika samadi barabarani. Hilo halikumzuia kupanda. Mwaka 1568 alichaguliwa kuwa kiongozi wa mji.

Mgeni hulipa kiingilio, akapita sebuleni, kwenye chumba cha jiko la moto, kwenye karakana, kisha akapanda ghorofani hadi chumba kinachotajwa kuwa ndimo alimozaliwa mwandishi. Hapo tunashauri kuuliza maswali. Chumba hicho kinatajwa kwa simulizi za mji tu, hakuna hati inayokithibitisha. Vitanda na vyombo navyo havikuwa vya familia hiyo. Vimewekwa kuonyesha maisha ya wakati ule. Kilicho halisi kabisa ni dirisha la zamani la chumba hicho, ambalo vioo vyake vimejaa majina yaliyokwaruzwa na wageni wa miaka ya nyuma, akiwemo mwandishi Walter Scott. Siku hizi ukijaribu kufanya hivyo utatolewa nje.

Je, nyumba ya udongo iliwezaje kudumu zaidi ya miaka 400? Kwa muda mrefu hakuna aliyeitunza kwa ajili ya umaarufu. John alipofariki mwaka 1601, William aliirithi, na sehemu yake ikakodishwa, ikawa nyumba ya kulala wageni. Dada yake, Joan, aliendelea kuishi upande mwingine, na wazao wake wakaimiliki hadi mwaka 1806. Baadaye sehemu ikawa bucha. Watu hao walikarabati paa na ukuta kwa sababu walikaa humo, basi.

Hatari ilikuja mwaka 1847, nyumba ilipopigwa mnada. Habari zilienea kwamba P.T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho kutoka Marekani, alitaka kuinunua na kuisafirisha ng'ambo. Waingereza wakachanga fedha, mwandishi Charles Dickens akiwa miongoni mwa waliohamasisha, na ikanunuliwa kwa pauni 3,000. Nyumba za jirani, zilizokuwa zimeshikana nayo, zikabomolewa ili moto usije ukavuka. Ndiyo maana leo inaonekana imesimama peke yake, ingawa Shakespeare mdogo alikulia kwenye mtaa uliobanana.

Nyumba yake ya ukubwani haikuwa na bahati hiyo. Aliinunua mwaka 1597, baada ya kupata mali, na ilikuwa miongoni mwa nyumba kubwa kabisa mjini. Ilijengwa upya mwaka 1702, kisha ikaangukia mikononi mwa kasisi Francis Gastrell. Kasisi huyo alichoshwa na wageni waliofika kuutazama mforosadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare mwenyewe. Akaukata. Mwaka 1759, akiwa na mgogoro na wenye mji kuhusu kodi, akaibomoa na nyumba yenyewe. Mgeni anayefika hapo leo anakuta bustani.