Panda mnanaa kwenye ndoo, usije ukavamia bustani yote

Mnanaa unanogesha chai, lakini ukiupanda ardhini hautulii pale ulipouweka. Vishina vyake hutambaa juu na chini ya udongo, na kila pingili inayogusa unyevu hutoa mizizi. Kwa sehemu kame kama Mkiwa, mkoani Singida, hiyo ni hasara: maji ya ndoo unayomwagilia mchicha, mnanaa nao unayanywa.

Fanya hivi:

1. Chukua ndoo kuukuu au dumu la lita 20 lililokatwa. Toboa matundu chini ili maji yasituame.

2. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha panda kipande cha shina chenye mizizi.

3. Weka ndoo juu ya matofali. Ikikaa ardhini, mizizi itapenya kwenye matundu na kutorokea bustanini.

4. Tafuta penye kivuli mchana. Mwagilia udongo ukianza kukauka.

5. Kata vishina vinavyoning'inia kabla havijagusa chini. Hivyo ndivyo vya chai.

Umeshasambaa?

Usiukatekate kwa jembe, maana kila kipande chenye pingili kinaweza kuwa mche mpya. Mvua zikilainisha udongo, chimbua taratibu na uokote vishina vyote. Vianike juu ya mwamba au bati hadi vikauke kabisa. Vibichi usivitupe kwenye mboji, vitachipua tena.

Kagua kila wiki. Ukiona chipukizi, ng'oa siku hiyo hiyo.