Mchele wa Heshima, Muhogo wa Shida

Mnazi mmoja, mikarafuu mitatu. Ndiyo amri inayosimuliwa kwamba Sayyid Said bin Sultan aliwapa wenye mashamba wa Unguja katika miaka ya 1830, na asiyetii alitishiwa kunyang'anywa shamba. Habari za karafuu zimeandikwa sana: majahazi, watumwa, fedha. Habari za sufuria hazikupata waandishi wengi. Ardhi iliyokuwa ikitoa chakula ilifunikwa na mikarafuu, na haikupita miaka mingi kisiwa kikawa kinangoja mchele kutoka India. Tangu hapo Mji Mkongwe umekuwa ukila kinachoshushwa bandarini.

Haikuwa hivyo siku zote. Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, palikuwa na mji tangu karne ya 7, na wanaakiolojia waliochekecha udongo wake walikuta punje za nafaka za Kiafrika: mtama, uwele, ulezi. Mtama huo haujapotea kabisa. Upo katika mkate wa mofa. Unga unakandwa, mpishi analowanisha kiganja, anautandaza mkate na kuubandika kwa kofi moja kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo, kisha anautoa mkono haraka kabla moto haujamkumbuka. Mkate unatoka mkavu, mzito, wenye harufu ya moshi. Ukila miwili na mchuzi wa samaki umeshiba mpaka jioni.

Lakini vyakula vina vyeo, na vyeo vya Unguja viligawiwa shambani. Katika mashamba ya karafuu watumwa walipewa vipande vya ardhi na siku zao za kulima, Alhamisi na Ijumaa, wajilishe wenyewe. Walipanda muhogo, zao lililoletwa kutoka Amerika, lisilohitaji kubembelezwa. Kwa mabwana hali ilikuwa nyingine. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, na humo amesimulia meza ya jumba la baba yake: nyama, wali, mikate, vitamutamu. Aliyetaka kupanda daraja alijua aanzie wapi. Alianza kwa kupika wali.

Karne ya 20 iliongeza chumvi kwenye kidonda. Wajapani walipoiteka Burma, nchi ya mchele, mwaka 1942, mchele uliadimika, ukaja mgao, watu wakarudi kwenye muhogo na viazi vitamu kwa kukosa la kufanya. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilibana uagizaji wa chakula, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vilipatikana kwa foleni. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni mabibi na mababu. Kwao muhogo wa kuchemsha haukuwa chakula cha afya. Ulikuwa ushahidi kwamba nyumbani hamna kitu.

Katikati ya miaka ya 1980 Ali Hassan Mwinyi alipoongoza Zanzibar, biashara ilifunguliwa. Maduka ya sokoni Darajani yakajaa. Boflo asubuhi, wali mchana, chipsi jioni, soda katikati, na chai ambayo kijiko kinakaribia kusimama kwa sukari. Nani angewalaumu? Walikuwa wanakula kile walichonyimwa.

Wakati huohuo maradhi nayo yalikuwa yanabadilishana zamu. Zamani, Daktari James Christie, aliyefanya kazi mjini, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, kikiwamo kile kilichoishukia Zanzibar mwaka 1869. Hayo yalikuwa maradhi ya kelele: homa, kuhara, msiba. Magonjwa ya moyo hayakutajwa sana katika ukanda huu. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones waliripoti kutoka Uganda kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haupo kabisa kwa Waafrika, ilhali kwa Waasia wa nchi hiyohiyo ulikuwa tatizo kubwa. Unguja ya leo imeifukuza malaria mpaka maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1, na badala yake mazungumzo ya barazani ni sukari, presha na kiharusi.

Kinachoyaunganisha maradhi hayo mapya ni moto. Ukichomwa na mwiba, kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata joto na kuuma: askari wa mwili wamefika kazini. Madaktari wanauita mwako huo inflamesheni. Kazi ikiisha, unazimika. Kitambi kinaleta mwako wa namna nyingine, wa chini kwa chini, usiouma. Mafuta yaliyojikusanya tumboni yanatoa kemikali za kuwaita askari bila ya adui kuwapo. Insulini inashindwa kufanya kazi yake, sukari inapanda, kuta za mishipa zinachubuka na kujengeka utando wa mafuta. Kitambi, sukari, presha na mafuta mabaya ya damu vinapokutana kwa mtu mmoja, wataalamu wanauita mkusanyiko huo sindromu ya metaboliki.

Mjerumani Rudolf Virchow alihisi tangu karne ya 19 kwamba ugonjwa wa mishipa una mwako ndani yake. Uthibitisho wenye nguvu ulikuja mwaka 2017, katika utafiti uitwao CANTOS uliohusisha watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Dawa iliyotuliza mwako bila kugusa kolesteroli ilipunguza mashambulio mapya. Dawa hiyo ni ghali mno, na ilizidisha hatari ya maambukizi makali.

Jibu la karibu zaidi limetoka Kilimanjaro. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio la wanaume 77 wenye afya. Watu wa kijijini waliozoea ndizi, maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa walipewa kwa wiki mbili mlo wa soseji, mkate mweupe na chipsi. Damu yao ikaonyesha dalili za mwako zikipanda. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili, dalili zikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, ambayo Unguja haina baraza, lakini muhogo, choroko na mtama wa mofa havihitaji fatwa.

Ugumu uko kwenye cheo. Daktari anayemwambia mzee wa mtaa wa Ng'ambo apunguze wali na boflo, ale kunde na nafaka zisizokobolewa, anadhani anamwandikia dawa. Mzee anasikia foleni ya mwaka 1971.

Ila kuna mwezi mmoja unaovuruga vyeo hivyo. Ramadhani ikikaribia, Darajani inajaa mihogo, majimbi, viazi vitamu, mikungu ya ndizi na mashelisheli, na bei inapanda kama ya kitu cha thamani. Magharibi ikiadhiniwa, futari ya muhogo wa nazi inakaa katikati ya mkeka, hata katika nyumba za wakubwa. Pembeni yake kuna bakuli la kaimati zinazong'aa kwa sukari, tambi, na jagi la sharubati. Mikono inaanza na tende.